Kisa cha Saba

Fomu ya kuhuisha ubingwa inataka visa kumi,
kila kimoja kisizidi maneno mia tano,
pasitajwe mfugaji wala kijiji chake,
na mnyama atambulishwe kwa jinsia, umri na uzito.
Mwisho ni Ijumaa, saa sita usiku.
Ukungu wa Tukuyu umeshafika kizingitini,
chai nimeipasha mara mbili, imepoa mara mbili.

Sita nimevimaliza. Havikunisumbua:
mbwa wa mlinzi wa kiwanda cha chai,
ndama wa Masoko aliyetanguliza makalio,
mbuzi aliyemeza kamba ya katani, na wenzao.
Wote walipona,
na kupona kuna sentensi zake, hazikwami kooni.

Cha saba.
*Ng'ombe jike, chotara wa Friziani, miaka sita, kilo mia nne na kumi.
Alizaa siku mbili kabla. Alikutwa amelala,
masikio ya baridi, shingo imekunjwa ubavuni.*

Mpaka hapo ni kweli tupu.
Ila aliitwa Mkopo,
maana Subilaga Mwakalobo alimnunua kwa fedha za kikundi,
na kila alfajiri akimkamua alisema, "Tulipe, mama, tulipe."
Hakuna kisanduku cha hilo.

*Kalsiamu ilitolewa kwenye mshipa wa shingo.*

Ilitolewa.
Tazama lugha yetu ilivyo na huruma:
unachomeka w ndogo ndani ya kitenzi
na mtu mzima anatoweka,
yeye na mkono wake na haraka yake,
na bodaboda aliyekuwa akipiga honi barabarani
kwa sababu Kiwira nako nguruwe wa watu walikuwa wanahara.
Ilitolewa. Kana kwamba mvua ndiyo iliyoshika chupa.

Chupa ile hutaka dakika kumi na tano
na sikio juu ya moyo.
Nilitumia nne.
Kipimo cha mapigo kilining'inia shingoni kama mkufu,
mkono mmoja ulishika tochi ya simu,
mwingine ukainua chupa juu, juu zaidi.
Moyo wa Mkopo ulinipa taarifa kwa miguu ya nyuma:
teke moja,
na nusu ya teke.

*Matokeo: alipona, alikufa, haijulikani.*
Naweka alama katikati.
Hawaulizi kuhusu karai la maji ya moto
na sabuni mpya, bado ina karatasi yake,
na Subilaga akisema, "Nawa, daktari. Unatetemeka."
Kisha akauliza kama angekufa tu.
Nikamjibu kwamba ugonjwa ulikuwa umeachwa mno.
Umeachwa. Na nani? Ile w tena,
na safari ile niliichomeka ndani yake yeye.

Saa tano na robo. Nafuta mstari, naandika:
*Nilitoa dawa kwa dakika nne. Sikusikiliza moyo.*
Maneno saba. Wasahihishaji na wafanye wanavyoona.

Ndama aliyebaki ni mtamba sasa, Subilaga alimwita Riba.
Ana mimba, nimehesabu, atazaa mwezi ujao.
Nimenunua chupa mbili
na saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde.
Lakini fomu imejua kabla ya mwenye ng'ombe,
na hilo halikai sawa.
Isongole si mbali. Kesho ni Alhamisi.