Mtoki

Govan, ukumbi wa kanisa, Februari,
mvua inalipiga banda la baiskeli kama ina deni nalo.
Nalipwa kwa saa kumgeuzia maneno Bwana Kasereka,
fundi viatu wa Butembo, miezi minane Glasgow,
aliyekuja kwa dozi ya pili na hataki kuvua koti.

"Mulinichoma hapa," anagusa bega.
"Mbona iko naniluma huku?" Anagusa kwapa.

Muuguzi Eilidh anavuta kiti, anaanza kueleza,
na neno lake la tatu linanishinda.
Nimesoma Tanga, nimesoma hapa, sina neno.
Seli yenye matawi, nasema.
Kama mti? anauliza.
Kama mkono wenye vidole vingi mno, nasema,
unaopapasa gizani chini ya ngozi
na kuonja kila kipitacho.

Sindano ilipoingia, ikameza kilicholetwa,
ikakikatakata,
ikachukua kipande kimoja, kingine,
ikavibandika nje, mwilini mwake yenyewe,
kama mtu aliyeokota kitambulisho cha mgeni
akakivaa kifuani ili aulize: nani anamjua huyu?
Kisha ikahama begani.
Ikafuata mfereji mwembamba usio wa damu
hadi kwapani, kwenye tezi ndogo kama punje ya kunde,
zinakopita seli T usiku na mchana,
kila moja imezaliwa na sura moja tu ya kuitambua,
sura ambayo pengine haitakutana nayo kamwe.

Inazisimamisha moja moja.
Siyo wewe.
Siyo wewe.
Wewe pia siye.
Siku nzima, na ya pili yake.

"Kama mimi na ofisi ya uhamiaji," anasema Kasereka,
na Eilidh anataka kujua tunacheka nini.

Mpaka moja inasita.

Hapa Eilidh anainua kidole, nami nainua changu:
kuonyeshwa peke yake hakutoshi.
Seli T ikiiona sura bila kushikwa mkono
hunyamaza, na huenda isiamke tena.
Lazima yule mwenye matawi aishike,
aimiminie dawa zake, ayathibitishe:
ni kweli, kuna hatari, si ndoto yako.
Ndipo inagawanyika. Mbili, nne, nane,
halafu hesabu inatushinda sote watatu,
na tezi inajaa, na kwapa linauma.

"Aa," anasema. "Mutoki."

Mtoki!
Nilikuwa na miaka sita, nimekanyaga chupa,
kinena kikavimba, nikalia kwamba naumwa pabaya,
na mama, bila kugeuka kutoka kwenye sufuria:
huo mtoki, lete mguu nione kidonda.
Alijua pa kutazama.
Mimi nimelipiwa ada miaka kumi na saba
nikalisahau.

Kasereka anakichezea kifungo cha koti.
"Butembo walinichanja, mwaka ule wa Ebola.
Kaka yangu Kambale alisema atangoja wiki."

Nafasiri yote, ndiyo kazi. Hata kimya kilichofuata
nilikiacha kidumu kwa urefu wake.
Eilidh anaiweka kalamu chini.
Anasema nyingi hufa kazi ikiisha,
lakini chache hubaki, miaka,
na huenda bado zimo ndani yake, hapa, Govan,
zinaikumbuka sura ile
bila yeye kuziomba.

Anavua koti, upande mmoja tu.
Eilidh anauliza: mkono upi?
"Uleule," anasema. "Huko wanajua njia."

Kisha dakika kumi na tano za kungoja
kwenye viti vya plastiki, plasta mkononi.
Alivitazama viatu vyangu muda mrefu.
Soli ya kushoto, akasema, haifiki Aprili.