Si kwa Makusudi

Saa tano za usiku na mbingu ya Dundee bado nyeupe.
Juni ya huku haijui kulala, na mimi pia.
Mezani chai imepoa, kikokotoo cha shule cha Hidaya,
na fomu ya Marekani inayoniuliza, kwa adabu zote,
nieleze kwa maneno yangu mwenyewe
kwa nini miaka kumi na mmoja sikusema kitu.

Akiba haiozi, tuliambiwa.
Hatukuambiwa kwamba huulizwa pasipoti.

Basi naeleza.
Nilikuwa Mmarekani Columbus, katika ukumbi wa mahakama,
kibendera mkononi, kijiti chake kikinichoma kiganja.
Nyuma yangu Shekue akiapa kwa sauti ya juu
kana kwamba hakimu ni kiziwi.
Kisha kiwanda kikamleta huku, kwenye mitambo ya kuchapa,
nasi tukadhani kodi ni kama baridi:
unailipa pale inapokukuta.

Lugha yetu ina neno moja tu,
kodi ya chumba, kodi ya serikali.
Labda ina haki. Labda uraia ni chumba
nilichopanga Ohio, nikahama,
na funguo ningali nazo.

Serikali ya huku ilimwambia: weka humu, hatutagusa.
Akaweka. Pauni sitini, kila tarehe tatu, kwenye mfuko wa hisa.
Bi Krantz wa Toledo, anayenihesabia kwa simu,
anasema mfuko huo, kwa sheria ya kwao,
ni kampuni ya kigeni iliyokaa kitako.

Kitako!
Mtu aliyekula mchana akiwa wima,
spana mfuko wa nyuma, mkate mkononi.

Na kila sitini, asema, igeuze dola kwa bei ya siku yake.
Kwa hiyo nafungua siku, moja moja.
Tarehe tatu Machi: theluji ilifunga barabara, alirudi kwa miguu
na ndevu nyeupe kama za babu yake.
Tarehe tatu Agosti: Hidaya kang'oka jino, kalimeza.
Tarehe tatu Januari: majibu ya hospitali. Pauni sitini.
Februari, pauni sitini.
Machi tena, na kijiko hakiwezi kukishika,
pauni sitini.
Bei ya dola siku ile naijua sasa:
moja nukta mbili sita.
Siku ile yenyewe sikuijua.

Katikati ya taarifa za benki imetoka bahasha,
mgongoni mwandiko wake, penseli ya kiwandani:

    Akiba nimeiweka, ya masika na ya jua,
    Kila mwezi bila shaka, sitini nazichukua,
    Na siku nikiondoka, wewe utalifungua,
    Utalia, utacheka, mbegu ikishachipua.

Utalifungua nini, Shekue? Jalada? Sanduku?
Mizani ilimbana, ngeli akaiachia iende zake.
Nimecheka peke yangu jikoni. Kisha lile la kwanza.

Maelezo yangu yalifika kurasa nne.
Bi Krantz akayasoma, akanyamaza, akakohoa.
Ondoa theluji, akasema. Ondoa jino.
Kijiko pia, mama, samahani.
Waambie tu hukujua.

Yamebaki haya:
Sikujua. Marehemu mume wangu hakujua.
Haikuwa kwa makusudi.

Kweli tupu, naweza kuiapia tena, bila kibendera.
Ila zile sitini zilikuwa kwa makusudi,
mara mia moja na nane,
na hakuna kisanduku cha kutia alama hilo.

Nimetia sahihi. Kikokotoo kimejizima chenyewe.
Faini nitaijua vuli.
Bahasha sikuiambatisha.
Hawakuiomba.