Vigurudumu Vitatu

Ina sura ya mwaka alioolewa mama:
ngozi nyeusi ya bandia, mabega ya fedha,
vigurudumu vitatu kichwani, tarakimu zake zimechongwa
zikatiwa rangi nyeupe, moja tu nyekundu.
Wateja wangu wa dobi wanaiona kwenye kaunta.
"Fusae, kwani mikanda bado inauzwa?"
Nawageuzia mgongo wake. Skrini inawaka.
Wanacheka kama waliomfumania bibi anacheza disko.

Haina kioo tumboni. Hakuna kile kishindo
cha kioo kupanda na kushuka; kuna *tik*,
mlio wa mtu anayefunga kifungo cha shati gizani.
Nilipendea hicho. Na vigurudumu.
Mimi ni mtu wa pasi: joto nataka nilione kwa namba,
nilizungushe kwa kidole, nisikie linapokamata.
Menyu yake sitaisema. Basi, nitaisema:
ni kabati la marehemu, kila droo ina droo,
na unachokitafuta kimo katika ile uliyoifunga kwanza.

Tena haina pa kushika. Inateleza kama sabuni.
Nadhani walioiunda hupiga picha wamekaa.

Mwezi wa pili, Hakodate, theluji magotini.
Bwana Kuramochi wa tramu anastaafu Ijumaa.
Miaka thelathini na moja amepita mbele ya duka
saa kumi na mbili na robo asubuhi,
akinyanyua glavu nyeupe, nami nikinyanyua pasi.
Mazungumzo yetu yote ni hayo.

Jumatano nikatoka na kamera mfukoni mwa aproni.
Tramu ikaja. Glavu ikapanda. *Tik.*
Nikatazama: weupe.
Theluji, tramu, glavu, mtu,
vyote vimeloweka usiku kucha katika dawa ya madoa.
Kigurudumu cha kulia, kile cha mwanga,
kilikuwa kimejizungusha mfukoni hatua tatu nzima
kama mtoto aliyeachwa peke yake na redio.
Usiniambie kosa lilizaa sanaa.
Halikuzaa kitu. Nguo iliyoungua naijua nikiiona.

Alhamisi nikakibandika utepe kisicheze.
Betri ikafa kwa baridi: ilisema nusu,
kisha haikusema tena.
Bwana Kuramochi akaniona natikisa kamera kama chupa ya achari,
akapiga kengele mara moja, ya kunihurumia.

Usiku, dada yangu Chizuru kwenye simu:
"Si ununue ya kisasa?"
"Hii ni ya kisasa. Imevaa vizuri tu."
"Basi ina matatizo ya wanaovaa vizuri.
Huwa hawapendi baridi."

Ijumaa nikaamka na betri mbili kwapani, kama vifaranga.
Nikabandua utepe. Nikasimama mlangoni chini ya taa ya barabara
na kuisoma kabla sijaiwasha:
moja kwa mia mbili hamsini; sifuri; elfu moja na mia sita.
Nitajie skrini inayoweza hilo,
kukueleza hali yake ikiwa imelala.

Tramu ikaja. Kamera, kwa akili zake,
ikakikazia macho kifuta kioo badala ya mtu.
Nikaizima akili hiyo, nikazungusha pete ya lenzi kwa mkono
polepole, mpaka nyusi zake zikahesabika.
Akaanza kunyanyua glavu,
na hapo hapo akapiga mwayo.

*Tik.*

Ndiyo picha niliyo nayo:
mwayo wa asubuhi elfu kadhaa, jino la dhahabu nisilolijua,
glavu imefika nusu ya safari.
Rangi nilichagua zile za kijani kilichochoka
ambazo kamera huigiza kwa kukumbuka
mkanda usiowahi kuingia tumboni mwake.

Jumatatu akaleta koti la kazi, lifuliwe mara ya mwisho.
Kwa karibu ni mfupi. Ana sauti nyembamba.
Akaitazama kaunta.
"Mikanda," akauliza, "bado inauzwa?"
Sikuigeuza.
Nilimkatia risiti namba kumi na nne,
nikamwambia aje Alhamisi, lakini aje mwenyewe.