Sili

Tangu theluji ya kwanza pikapu yangu inaniandikia:
kila alfajiri nukta moja nyeusi
kwenye uwanja mweupe, hapa Brandon, Manitoba,
ambako hata nukta huganda
kabla haijapata sentensi.

Nikajua. Si sampu, si filta.
Ni ile ya nyuma, sili ya krenki,
kitu cha dola arobaini
kilichojificha nyuma ya kazi ya siku mbili.

Jumamosi, Ramadhani kumi,
Orest Hnatiuk kanifungulia gereji ya marehemu kaka yake.
Gari likapanda stendi.
Propela ikashuka. Giaboksi ikashuka
taratibu, kama mgonjwa anayehamishwa kitanda,
mimi nimeishika kichwa, Orest miguu.
Klachi. Kisha flaiwili, bolti nane;
ya saba ilikataa,
nikaipiga, nikaiomba radhi, nikaipiga.

Saa saba Orest akafungua chupa ya kahawa,
akanikatia mkate wenye soseji.
Kiu ilikwisha kunipokonya Kiingereza,
imeniachia lugha ya mama tu.
"Nimefunga," nikasema. "Sili."
Akaitikia kwa kichwa, akauweka mkate chini,
akajipangusa mikono kwenye suruali,
akaniletea sili.

Nilicheka hadi spana ikanidondokea kifuani.

Lakini hakukosea sana, mzee yule.
Ile kuukuu nilipoichokonoa kwa bisibisi
niliuona mdomo wake: mgumu, una nyufa
kama midomo yangu saa ile,
springi yake nyembamba imelegea.
Miaka kumi na minane umeishika oili mahali pake,
haukunywa, haukutema,
shafti ikizunguka juu yake mchana na usiku.
Siku moja ukachoka kufunga.

Na mimi? Ijumaa, kwenye simu,
dada yangu Mwanakheri akiuliza fedha za paa la Mama,
mdomo ukanivuja. Neno moja.
Tone tu.
Hajapiga tena.

Ile mpya nikaipaka oili kwa kidole cha shahada.
Mdomo utazame ndani, injini iliko;
ukiugeuza, utaishusha giaboksi mara ya pili
na hapatakuwa na wa kulaumu.
Nikaikalisha kwa kipande cha bomba na nyundo ya mpira:
tak, zungusha, tak, ng'ambo, tak,
isitangulie upande,
mpaka sauti ikabadilika, ikawa nene,
nikajua imefika.

Magharibi ilitukuta tunarudisha bolti.
Orest, asiyejua kibla ni upande gani,
ndiye aliyekuwa akitazama saa.
"Haya," akasema, akanipa ule mkate.
Soseji alikwisha kuila mwenyewe.

Tulimaliza Jumapili usiku. Injini ikanguruma nusu saa.
Nikalipasua boksi la tende, nikalitandika bapa chini yake,
nikaenda kulala.

Daku nimetoka na tochi,
nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.
Pana doa moja, pembeni.
Nimeligusa. Linanata.
Nimepiga magoti barafuni ninalinusa,
na pua imekufa ganzi, siwezi kuapa
kama ni oili au ni tende.

Tanga sasa ni saa nane mchana.
Simu iko mfukoni, baridi kama spana.