Mfupa wa Ulimi

Kila Alhamisi saa mbili usiku, Punta Arenas,
upepo ukigonga mabati kama mdai,
sisi wanachama kumi na tisa husimama
ghorofani, katika mkahawa wa Vrsalović,
mchuzi wa kaa ukipoa mezani,
tukasoma kanuni zetu kwenye kadi:

Nisimfiche mteja ninachokijua.
Faida yangu isiwe jeraha la mwingine.
Nisiloweza kulisema mbele ya meza hii
nisilifanye nyuma ya kaunta.
Nikikosa, niwahi kurudi.

Kadi hizo nilizichapisha mimi.
Miaka kumi na moja nimezisoma bila kukwama.

Juni, Bi Hortensia Mansilla aliniletea saa ya marehemu mumewe,
kaitia ndani ya soksi ya sufu.
Nikaifungua. Betri imekwisha, basi.
Nikaifunga. Nikakuna kidevu. Nikataja kutu,
magurudumu, vipuri vya kuagiza kutoka Santiago,
na peso elfu arobaini.
Alihesabu noti za elfu mojamoja, akaomba risiti.
Nikamwandikia, kwa mwandiko mzuri.

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa.
Wangu, Alhamisi ile, uliota mfupa
katikati ya kanuni ya tatu.
Wenzangu kumi na wanane wakasonga mbele bila mimi.
Dragomir, mwuza majeneza, alinitazama kidogo,
akanisogezea maji.
Hakuna aliyeuliza.
Tukachangia miwani ya watoto wa shule:
nikatoa elfu arobaini, zile zile.
Wakanipigia makofi.
Sijawahi kuwashwa hivyo, hata na upupu.

Asubuhi nilipanda mtaa wake nikishika kamba
ambazo manispaa hutufungia ili upepo usituchukue.
Hotuba niliyokuwa nimeipanga ilipeperuka njiani.
Alipofungua mlango nilisema tu:
"Ilikuwa betri."

"Najua," akasema. "Mpya niliinunua mwenyewe.
Vidole hivi ndivyo vilivyokataa kuiweka.
Nilikuachia ndani ya soksi.
Hukuikung'uta?"

Sikuikung'uta.

Alizipokea noti, akazihesabu,
mojamoja, kama mara ya kwanza,
kisha akaniletea kalamu.
"Risiti," akasema. "Kiasi, tarehe, na sababu."

Kiasi niliandika upesi. Tarehe pia.
Chai aliyonimiminia ilipoa,
akamimina nyingine,
na mstari wa tatu ungali mweupe.