Ukurasa Mmoja

Ofisi ya jimbo imeomba historia ya kanisa letu,
Methodisti, Uvinza: ukurasa mmoja, uliopigwa chapa,
kabla mwezi haujaisha.
Mwaka wa kuanzishwa. Majina ya wachungaji.
Idadi ya washiriki, wake kwa waume.

Nimekaa na daftari. Mchwa wamelisoma kabla yangu.
Walianza na Ubatizo, wakatafuna hadi Ndoa,
Madeni hawakuyagusa.

Basi naanza na madeni.

*Bukuru wa tanuru kwa Feza Ngoie: dagaa, sahani mbili. Hajalipa.*
Mwandiko ni wa Feza. Daftari lilikuwa la dagaa
kabla halijawa la kanisa.
Alivuka ziwa kutoka Kalemie, mtoto mgongoni,
kitabu cha nyimbo kimeviringishwa nailoni,
akapanda treni Kigoma akidhani anakwenda mbali.
Nauli ikaishia hapa.
Akasema: haya, na Mungu ashuke.

Sadaka ya kwanza ilikuwa chumvi,
kopo moja, rangi ya majivu, iliyochemshwa usiku kucha
na watu waliopasuka visigino
kama tope la Malagarasi maji yakishakimbia.
Mchungaji wa kwanza alikuja na hubiri lake mfukoni,
*Ninyi ni chumvi ya dunia.*
Bukuru akavua ndara, akamwonyesha nyayo.
Hubiri hilo halikusikika tena kwa miaka tisa.

*Mzee Haruna Kasulwa, kodi ya stoo, miezi kumi na minne.*
Stoo ya magunia, nyuma ya msikiti.
Alikuja kudai siku ya Jumapili, akatukuta tunaimba,
akasimama mlangoni na bakora yake,
akangoja ubeti uishe.
Akasema: ngoma yenu imelegea, ipasheni moto.
Akaenda zake.
Siku alipofariki vijana wetu walichimba kaburi kwa zamu.
Sijui hilo naliandika kwenye safu ipi.

Mwaka wa mabenchi nilikusudia kuuruka.

Wapo waliotaka kuimba Kiha,
wapo waliotaka Kiswahili cha ng'ambo,
kile ambacho watu ni *batu*.
Tukagawana mabenchi, sita kwa sita,
la kumi na tatu tukalikata kwa msumeno.
Nusu yetu ipo hadi leo, miguu miwili, imeegemea ukuta;
watoto wa shule ya Jumapili hukaa juu yake wakipokezana,
anayecheka huanguka.

Feza hakugawanywa.
Alisali nusu ibada huku, nusu kule,
akikatiza reli katikati, kanga imefungwa kiunoni,
na kila upande ulidhani amechelewa.
Alipokufa tulikutana makaburini na nyimbo mbili.
Tuliimba zote kwa pamoja, kwa ukaidi, hadi jioni.
Hakuna aliyeshinda. Sauti zilikauka
na mtungi wa maji ulikuwa mmoja.

Ukurasa umejaa, sijamfikia mchungaji wa pili,
wala paa lililong'olewa na upepo likakutwa kituoni,
wala Tabu Ruhwanya aliyetufundisha kusoma nota
kwa vizibo vya soda alivyopigilia ubaoni.
Ofisi watanilaumu.
Idadi ya washiriki: mia moja na kumi na saba,
ukimhesabu Edimundi, ambaye huja siku za pilau tu.
Mimi namhesabu.

Bukuru ni baba yangu.
Alianza kuja ibadani ili Feza asimdai mbele za watu.
Humo humo akaokoka, deni akalisahau.

Leo asubuhi nimepeleka dagaa kwa mjukuu wa Feza,
sahani mbili, zimefunikwa kawa.
Akauliza, za nini hizi?
Nikamwambia naandika historia.
Amecheka sana.
Halafu, kwa kuwa kwetu sahani hairudi tupu,
akazirudisha zote mbili na chumvi.