Mchezo wa Tisa

Karatasi zilifika Mbeya ndani ya bahasha ya kaki,
zimelowa pembe moja, zinanuka chai mbichi.
Mashindano ya sataranji, Tukuyu, ukumbi wa ushirika,
Jumamosi, wachezaji wawili, michezo kumi na miwili,
na Gwamaka Mwaisumo kashinda yote.

Kumi na miwili. Kwa siku moja.
Hata kuku akidonoa mahindi hukosa punje.

Mimi ndiye mwenye muhuri.
Najumlisha nani kampiga nani,
alama ngapi zipande, ngapi zishuke,
kisha nagonga, ta, wino wa zambarau,
na jina la mtu linapanda orodha
kama maji ya ndoo juu ya kichwa cha mwingine.

Sikugonga. Nilishuka Tukuyu
mvua ikiwa bado haijaamua.
Subilaga, mwenye funguo za ukumbi, alinicheka:
"Jumamosi ile? Humu kulikuwa na mbolea mpaka darini.
Labda walicheza juu ya magunia."

Aliyeshindwa mara kumi na mbili ni fundi viatu.
Ambindwile hakujificha, wala hakuacha kushona.
"Gwamaka anataka kusafiri na timu.
Alama zangu za nini mimi? Hazinunui gundi."
Madebe matatu ya viazi, alisema,
na nusu ya karo ya binti.
Walikaa hapo hapo kibandani, taa ya chemli,
mmoja anashinda, mmoja anaandika.

Nikamwuliza kama ilikuwa rahisi.
"Kushindwa kuna ufundi wake.
Ukianguka haraka mno, mnaona."
Akakata uzi kwa meno.
"Ila ule wa tisa. Ule ulinichoma."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema.
Hii ilikuwa na hatua thelathini na mbili, zenye namba.
Usiku, baridi ya Loleza inapenya chini ya mlango,
niliupanga ubao wangu wenye pengo:
askari mmoja mweupe alipotea zamani,
mahali pake nimeweka kizibo cha soda.

Hatua ya kumi, uongo.
Ya kumi na tano, uongo wa mtu anayepiga miayo.
Kuanzia ya ishirini mwandiko unabadilika,
unainama mbele kama mtu anayepanda mlima.
Na ya thelathini na moja
malkia mweusi anakwenda kusimama
ubavuni mwa mfalme mweupe, bila mlinzi, bila sababu.
Ngome ikamla. Ilibidi.
Hapo mfalme kabaki pembeni
kazibwa na watu wake mwenyewe,
ngome yake huku, askari wake kule,
na kizibo cha soda mbele ya uso.
Imebaki moja tu. Farasi aruke f mbili, basi,
kwisha habari.

Karatasi inasema: nyeusi amesalimu amri.
Nukta ya mwisho imetoboa mpaka upande wa pili.

Niliandika ripoti kama inavyotakiwa.
Ukumbi: mbolea. Shahidi: mmoja. Kalamu: moja.
Michezo kumi na miwili, futa.
Muhuri ule mwingine, BATILI, mara kumi na mbili,
na mkono ulisita mara moja tu, mnajua wapi.

Sikuandika ya Makambako mwaka jana:
bahasha kama hii, jina hili hili,
michezo minane, mwisho wa mwezi, nina homa,
nikagonga nimekaa.
Hizo alama bado anazo. Nitazirudia.
Nasema nitazirudia.

Ubao sijaukunja.
Kila aletaye bahasha ofisini
namvutia kiti kabla sijafungua,
namwonyesha farasi:
zamu ya nyeusi. Ungecheza nini?
Wengi huona upesi.
Mmoja, kijana wa Mbalizi, aliona, akanyoosha mkono,
kisha akaniuliza kwanza ni mchezo wa nani.